Mpasuaji wa vichwa na helmeti ya bodaboda

Vita vikizuka popote, hakosi mtu wa kusema kwamba angalau madaktari watajifunza kitu. Mimi kauli hiyo hainiingii. Wapasuaji wengi wamepita vitani wakarudi makwao na uchovu tu. Waliojifunza ni wale wachache waliokuwa na subira ya kuandika habari za kila mgonjwa, hasa aliyewafia mkononi.

Mchukue Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo Mmarekani aliyefanya kazi mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, katika kituo cha Waingereza cha kupokea majeruhi huko Ubelgiji, wakati wa mapigano ya Passchendaele. Askari waliletwa wamejaa matope, vipande vya mabomu vimepenya fuvu na kuingia ndani ya ubongo. Aliyesalimika na bomu mara nyingi alimalizwa na uchafu: nywele, vitambaa na vipande vya mfupa vilivyobaki ndani, kisha usaha.

Cushing aliwapasua wengi wao kwa ganzi tu, wakiwa macho. Aliuondoa mfupa uliovunjika pamoja na kingo zake, halafu akaingiza mrija laini wa mpira kwenye njia iliyochimbwa na kile chuma, akiusogeza taratibu mpaka uguse kitu kigumu. Kwa mrija huohuo alifyonza sehemu ya ubongo iliyokwisha kusagika. Chuma kilichojificha mbali alikifuata kwa msumari uliofanywa butu kwenye ncha, ukishikizwa kwenye sumaku. Ndiyo, msumari, kama huo wa kupigilia mbao. Mwisho alishona ngozi ikafunga kabisa.

Mwezi wa kwanza, asilimia 54.5 ya waliopenywa ubongo walikufa. Mwezi wa tatu ilikuwa 28.8. Vita havikubadilika katika miezi hiyo. Matope yalikuwa yaleyale na mabomu yaleyale. Tunazijua tarakimu hizo kwa sababu aliwahesabu hata wale ambao mpasuaji mwenye majivuno angependa wasahaulike.

Mmoja wa wanafunzi wake baadaye alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia aliyekuja kuwa profesa Oxford. Katika Vita Kuu ya Pili alisimamia hospitali ya kijeshi ya majeruhi wa vichwa pale Oxford, na akaanzisha timu za upasuaji zilizotembea kwa magari kuwafuata askari karibu na mapigano. Mwaka 1943 alikuwa Afrika Kaskazini akiijaribu penisilini kwenye vidonda vya vita. Yote hayo ni makubwa. Lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote haikuhitaji kisu.

Mwaka 1935 Cairns aliitwa kumwangalia T. E. Lawrence, yule ofisa Mwingereza aliyepata jina kwa kupigana pamoja na Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyeanguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Alikufa baada ya siku 6. Vita Kuu ya Pili vilipoanza, Cairns akaona wajumbe wa jeshi waliopeleka barua kwa pikipiki wanaumia vichwa bila hata kumwona adui. Mwaka 1941 akachapisha makala ya kutetea helmeti: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza. Mwaka huohuo jeshi likaamuru waendesha pikipiki wake wavae helmeti kazini. Raia wa Uingereza walisubiri sheria yao mpaka 1973. Miaka 32, na ushahidi uko mezani!

Kwa hiyo nikiona bodaboda imebeba abiria wawili, na helmeti imening'inia kwenye usukani kwa ajili ya kumwonyesha trafiki, siwezi kusema tunangoja utafiti. Najua visingizio. Joto. Msuko umegharimu pesa. Ndani ya helmeti mna jasho la abiria wote wa tangu asubuhi, na hili la jasho, kusema kweli, lina haki yake. Kitambaa cha kichwa cha kuvaa chini yake kingemaliza tatizo hilo. Tunaidai serikali wapasuaji wa ubongo na vitanda vya wagonjwa mahututi, nasi tuna haki ya kudai. Ila vijiwe vya bodaboda tayari vina uongozi na mifuko ya kuchangia misiba. Kijiwe kinachoweza kununua sanda ya mwenzao kinaweza kuanza mwezi huu kununua helmeti ya pili kwa kila pikipiki, na kumnyima zamu asiye nayo.