Hivi "IMG_4821 (1) mpya FINAL.JPG" ni picha ya nini?

Duka linauza vitanda vya mninga, lakini picha zote tovutini zina majina ya namna hiyo. Injini ya utafutaji itajuaje kama ni kitanda au mbuzi? Kila nafasi inageuka %20 kwenye anwani; ukiandika kiungo bila alama hizo, kwenye meseji kinakatikia hapo hapo penye nafasi. Na hiyo JPG ya herufi kubwa! Kwenye Windows picha inafunguka vizuri tu. Ikifika kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya Linux, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, ukurasa unaotafuta ".jpg" unaambulia 404, yaani "haipatikani". Andika kitanda-mninga-5x6.jpg: herufi ndogo, kistari cha kati, si cha chini, basi. Tena kabla ya kupakia, maana ukibadilisha jina baadaye viungo vya zamani vinakufa. Na msirundike "bei-nafuu-bora-dar" humo, jamani.