Simba Yuko Tayari Kula

Shemeji yangu ni Yanga damu. Mbwa wake kampa jina la Simba, ili kila jioni apate raha ya kusema kwa sauti, "Simba, kaa chini!" na Simba akae. Majirani wenye mapenzi na Msimbazi wamelalamika mpaka kwa mjumbe, haikusaidia.

Mwaka jana kazini kwao alikuja mtaalamu wa pampu kutoka Uingereza. Shemeji ni mtunza stoo tu, lakini ndiye aliyemkaribisha nyumbani, Kimara Temboni, kwa chakula cha jioni. Mkewe hakumuuliza. Dada akanipigia simu huku nikisikia kisu kinapambana na vitunguu.

"Mdogo wangu, acha unachofanya uje. Shemeji yako anataka kuongea Kiingereza mbele za watu."

Mimi hufundisha tuisheni ya Kiingereza pale Sinza, na shemeji ni mwanafunzi wangu wa bure. Wiki hiyo tulikuwa kwenye vivumishi vinavyofuatwa na "to" na kitenzi: "happy to help", "ready to go", "hard to find". Waingereza wanaishi navyo kutwa nzima. Hawawezi kukupa hata glasi ya maji bila kuwa "happy to" kitu fulani. Nusu ya kwanza ya somo shemeji aliielewa vizuri. Nusu ya pili, yenye mitego yote, hakuja. Siku hiyo Yanga walikuwa wanacheza. Naomba hilo lieleweke mapema.

Mwendokasi ulijaa mpaka mlangoni, na kutoka Kimara Mwisho nikadaka bajaji. Kufika uani nakuta viti vya plastiki vimepangwa safu tatu, vyote vimeelekea kibarazani, watoto wameketi mbele kwenye mkeka.

"Dada, shikamoo. Nani kafariki?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Wamekuja kumwona mchekeshaji."

"Mchekeshaji gani?"

Akanionyesha kwa ncha ya mwiko. Kibarazani alikaa mzungu mmoja mpana, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, anawatabasamia watu asiowajua.

Kumbe alipofika alimkuta dada anahangaika, anauliza mgeni anakula nini na hali nini. Mgeni, kwa adabu za kwao, akamwambia asijisumbue: "I'm very easy to please." Shemeji akaitafsiri palepale, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Anasema kufurahisha kwake ni jambo rahisi sana!" Habari ikaruka ukuta. Saa moja haijafika, uani hapakuwa na pa kukanyaga.

Na watu walikuwa na subira. Mgeni akiinua soda, watoto wanacheka. Akijikuna shingo, wanacheka. Alipopiga chafya, mama mmoja wa safu ya pili akapiga makofi.

Nikamvuta shemeji pembeni. "Shem, huyu hafurahishi mtu. Yeye ndiye anayefurahishwa. Ana maana kwamba hana makuu, chochote atakachopewa kinamtosha."

"Anafurahishwa na nani?"

"Na sisi, wenyeji."

Akawatazama watu wake safu zote tatu. "Sasa hawa nimewaitia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kukaa na mgeni, tukapiga stori. Alikuwa ametoka Mikumi wikiendi ile, safari ya karibu kilomita 300 kwa barabara hiyohiyo ya Morogoro inayopita Kimara. Akanionyesha picha kwenye simu. Dereva wake alikuwa amemfundisha majina ya wanyama, naye ameyashika vizuri: twiga, tembo, simba. Ndiyo maana alipoambiwa hapa panaitwa Temboni alishtuka kidogo, akauliza kama wapo bado. Nikamtuliza kwamba tembo waliobaki wako kwenye jina tu.

Hapo nyuma ya nyumba kitu kikaunguruma, na mnyororo ukalia.

"What was that?" akauliza. Kabla sijafungua mdomo, dada akatokea na sinia la pilau, nyama imepangwa juu, imefunikwa kwa kawa. Nyuma yake mpwa wangu kabeba bakuli la makombo ya mbwa. Shemeji akaona huu ndio wakati wake. Akasimama, akaweka kola sawa, akakumbuka mfano wa tuisheni kuhusu "ready".

"Ladies and gentlemen," akasema, "Simba is ready to eat!"

Mgeni akatazama sinia. Akatazama giza la nyuma ya nyumba. Akarudi kwenye sinia.

Sentensi ile kisarufi haikuwa na kosa hata moja, na hapo ndipo penye balaa. Vivumishi hivi ni kama penalti: lazima ujue nani mpigaji na nani mpira. Ukisema fulani ni "eager to please", yeye ndiye mpigaji, anahangaika kuwapendeza wengine. Ukisema ni "easy to please", yeye ni mpira, anangoja kupendezeshwa. Kwa macho zinafanana, kitenzi ni kilekile, kilichobadilika ni kivumishi peke yake. Halafu kuna "ready", ambayo haina msimamo. Inacheza timu zote mbili. Mtoto akiwa "ready to eat" ana njaa. Wali ukiwa "ready to eat" umeiva. Kiswahili hakitaki utani wa namna hiyo, tunasema tayari kula au tayari kuliwa, na kila mtu anajua akae upande gani wa meza. Mwingereza anaachia akili ya msikilizaji iamue, na kwa kawaida inaamua vizuri, maana wali hauna meno.

Lakini simba? Simba aliyeiva juu ya pilau ni msiba. Simba mwenye njaa nyuma ya nyumba ni msiba pia. Akili ya mgeni ilikuwa inachagua kati ya hayo mawili, na hakuna lililokuwa na nafuu. (Klabu ya Simba yenyewe mpaka 1971 iliitwa Sunderland. Shemeji angependa majina ya zamani, pilau ingeliwa ya moto.)

Mpwa wangu akaenda kufungua mnyororo. Simba, ambaye tangu mchana ananusa nyama bila kuigusa, akatoka gizani mbio, anafuata bakuli. Mgeni akasema neno ambalo sifundishi, akarukia kiti. Kiti cha plastiki hakikutengenezwa kwa kazi ile. Mguu mmoja ukakatika, mzungu akaelea kidogo hewani, akatua mapajani mwa mama wa safu ya pili, kachumbari ikamfuata.

Uani pakalipuka. Watu walisimama, wakapiga vigelegele, wakapigana migongo. Mzee mmoja alilia machozi. Walikuwa wamengoja mchezo, na mchezo wameupata, tena wenye mbwa. Simba mwenyewe alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akafika kwenye bakuli lake, akala.

Shemeji akanigeukia, kidevu juu. "Si ulisema hafurahishi mtu?"

Mgeni tulimwokota, tukamfuta vitunguu, tukamtambulisha kwa mbwa. Alicheka kuliko wote, akala pilau sahani mbili. Baada ya chakula nikamwomba mpwa wangu mdoli wake, nikamfunga kitambaa machoni, nikamlaza mezani. Mtaalamu wa Marekani, Carol Chomsky, alikuwa amefanya hivyo katika utafiti aliouchapisha 1969, kwa watoto 40 wa miaka mitano hadi kumi, akawauliza: je, mdoli huyu ni "easy to see" au "hard to see"? Wapo wadogo waliojibu "hard to see", kwa sababu mdoli kafungwa macho, haoni. Nilitaka shemeji ajionee mwenyewe mpira na mpigaji.

Mpwa wangu, mwenye miaka tisa, akajibu bila kufikiri: "Easy to see, Anko. Si huyo hapo mezani?"

"Hard to see," akasema shemeji.

"Shem, sisi tunamwona."

"Nyie mnamwona. Umeulizwa habari za mdoli au za nyie? Mfungue kitambaa kwanza, ndipo uulize maswali." Safu mbili za nyuma zikamuunga mkono, na mama wa mapajani akasema walimu wa siku hizi wanaonea hata midoli.

Mgeni aliondoka kesho yake. Saa tano usiku simu yangu ikaita.

"Shem, umelala? Mzungu kaandika meseji. Anasema sisi sote tuko 'impossible to forget'."

Nikaanza kumweleza kwamba sisi ndio mpira, kwamba...

"Mwambie asiwe na wasiwasi," akanikatiza. "Anadhani sisi hatusahau? Kile kiti tumeshakisahau. Kavunja, kavunja."

"Shem, hajazungumzia kiti."

"Basi kingine kipi?" Akanyamaza kidogo. "Ila kama anang'ang'ania kulipa, mpe namba ya dada yako. Kwangu hela ikiingia tu, mtandao unakata deni lao."