Kisu cha Bei Nafuu Ndicho cha Kutembea Nacho

Mtu anayetembea na kisu cha kukunja mfukoni anapaswa kutembea na kisu ambacho hata kikipotea leo jioni hakitamkosesha usingizi. Huo ndio msimamo wangu, na ninausema nikijua kwamba baadhi ya wapenzi wa visu watakaosoma hapa wana visu vya bei inayokaribia ile ya pikipiki kuukuu, wanavipangusa kwa kitambaa laini, na wanaamini kuwa kukiacha kisu cha namna hiyo nyumbani ni kukinyima haki yake. Mimi sina ugomvi na kisu kizuri. Ugomvi wangu ni na hofu inayoandamana nacho, kwa sababu hofu hiyo hugeuza chombo cha kazi kuwa amana, na mwenye chombo akawa mlinzi wake.

Tazama kazi zenyewe. Kisu cha mfukoni hukata uzi ulioshonea mdomo wa kiroba cha mchele, hufungua boksi lililozungushiwa selotepu, huchonga penseli ya mtoto, hukata kamba ya manila iliyokaza juu ya keria ya baiskeli, na humenya waya wa umeme pale ambapo koleo limesahaulika nyumbani. Karibu kila moja ya kazi hizo ina kitu cha kuumiza makali: boksi limebeba vumbi na mchanga, ndani ya waya mna shaba, na gundi ya selotepu hunata kwenye bapa hadi uisugue kwa mafuta ya taa. Mwenye kisu cha thamani analijua hilo vizuri, ndiyo maana ukimwangalia kwa makini utamwona anafungua boksi kwa ufunguo wa nyumba ilhali kisu kimetulia kiunoni.

Kipimo changu mimi ni chungwa la Muheza. Wauza machungwa wa Tanga na Dar es Salaam humenya ganda la juu kwa utepe mmoja mwembamba usiokatika, wakaacha nyama nyeupe ikiwa nzima, kisha hukata kifuniko kidogo juu ili mnunuzi akamue na kunyonya. Kazi hiyo inataka bapa jembamba na mkono usio na wasiwasi. Maji ya chungwa yana asidi, na bapa la chuma cha kaboni, yaani kile kinachoshika kutu, likikutana nayo hubadilika rangi, likawa la kijivu chenye ubuluu, na baada ya machungwa kadhaa likawa jeusi kwa mabaka. Mabaka hayo hayana ubaya wowote, kwa kuwa ni utando mwembamba ambao kwa kiasi fulani huchelewesha kutu nyekundu, ile inayokula chuma hasa. Lakini mtu aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya bapa linalong'aa kama kioo hawezi kuyatazama mabaka hayo kwa utulivu, na atakachofanya ni kuliepuka chungwa.

Watu wa pwani hawapaswi kushangazwa na hoja hii, kwani wamezoea kuona visu vya heshima na visu vya kazi vikikaa mahali mbalimbali. Jambia la Kiomani, lenye ala iliyopinda na kupambwa kwa nyuzi za fedha, huvaliwa kiunoni siku za harusi na sikukuu, na limo hata kwenye bendera ya Oman. Hakuna anayemtarajia bwana harusi alichomoe akate kitunguu. Jikoni kuna kisu kingine, chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, na hicho ndicho kinachoilisha nyumba. Wakusanyaji visu wa siku hizi wanataka kitu kimoja kiwe jambia na kisu cha jikoni kwa wakati mmoja, na mara nyingi hukosa vyote viwili.

Hata hivyo, ninaposema bei nafuu sisemi uhafifu. Vile visu vinavyorundikwa juu ya turubai sokoni, vyenye mkasi, uma, kifungua kopo na tochi katika mpini mmoja, sivitetei hata kidogo. Chuma chake ni laini, msumari wa bawaba hulegea upesi, na kufuli yake, ikiwapo, huachia bila taarifa na kukukunjia bapa juu ya vidole. Kisu cha namna hiyo ni ghali kwa bei yoyote.

Ninachokitetea ni kisu kama Opinel. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza katika mkoa wa Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, mwaka 1890, kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa huko, na mwaka 1897 vikapangwa kwa ukubwa kuanzia namba 1 hadi namba 12. Namba 8, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, ina bapa la sentimita 8.5. Ukiifungua hukuti ndani yake chochote cha kukushangaza: kuna bapa, mpini wa mbao, msumari, kola ya chuma, na pete ya kufungia iliyoongezwa mwaka 1955, ambayo huzungushwa kwa kidole gumba ili bapa lisikunjike wakati wa kazi. Barani Ulaya huuzwa kwa chini ya dola 25. Kasoro yake kubwa kwa mtu wa pwani ni kwamba mbao ikilowa hufura, bapa likagoma kutoka. Wenyewe watu wa Savoie huilegeza pete, wakagonga kitako cha mpini juu ya meza, na ncha ya bapa hujitokeza kiasi cha kushikika. Ukikaa mahali penye hewa ya chumvi, ulipanguse bapa kila baada ya kazi na ulipake mafuta kidogo ya nazi, basi.

Kingine ni Okapi, ambacho historia yake inatugusa zaidi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kikilengwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla yake. Tangu 1988 kimekuwa kikitengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake una nakshi za mwezi na nyota, na mgongoni kuna pete ndogo unayoivuta ili kuachilia bapa. Kinapofunguka hutoa mlio wa krr-krr-krr wa meno yake, mlio ambao umekipa sifa mbaya kwa kuwa wahuni nao waliupenda. Kwa hiyo ukiwa kwenye daladala usikifungue kwa mbwembwe. Mtengenezaji hakuwahi kukikusudia kiwe pambo, na ndiyo maana nakipenda.

Weka kando ya hivyo viwili kisu kama Sebenza cha Chris Reeve, kinachotengenezwa Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani, kwa zaidi ya dola 400. Ni kisu kilichoundwa kwa usahihi wa ajabu, mpini wake ni wa titani, metali nyepesi na imara, na anayekishika mara ya kwanza huelewa mara moja fedha zilikwenda wapi. Lakini unapofika wakati wa kumenya chungwa, bapa jembamba la Opinel hupita chini ya ganda kwa wepesi zaidi kuliko bapa nene la kisu cha kifahari, kwa sababu kukata kunategemea sana wembamba wa bapa nyuma ya makali kuliko jina la chuma. Hilo ndilo wauzaji wasilolitaja.

Halafu kuna suala la kunoa, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Vyuma vingi vya kisasa vyenye vanadi, metali inayochanganywa na chuma ili kukiongezea ugumu, hukaa na makali muda mrefu, lakini yakiisha huwa ni shughuli, kwa kuwa chembe za vanadi zilizomo ni ngumu kuliko mawe mengi ya kawaida ya kunolea, na mtu hujikuta anahitaji jiwe la almasi. Chuma cha kaboni cha Opinel au Okapi hukubali kinoo chochote. Unakilowesha kinoo kwa maji, unaliinamisha bapa nyuzi zipatazo ishirini, unalisukuma kana kwamba unataka kukata ngozi nyembamba juu ya jiwe, unageuza upande, na muda si mrefu unausikia ukingo ukikwaruza kucha. Wanoaji wanaopita mitaani na baiskeli zao zenye gurudumu la kunolea hufanya haraka, ila gurudumu kavu hupasha ukingo moto, na pale unapouona umegeuka buluu ujue ugumu wake umekwenda. Mwenye kisu cha bei nafuu anaweza kujifunza yote hayo kwa mikono yake, akikwaruza bapa leo na kulirekebisha kesho. Mwenye kisu cha thamani hathubutu kujaribu, hivyo kisu chake huwa butu kwa heshima zote. Wahenga waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakuuliza kilinunuliwa kwa bei gani.

Liko pia jambo la kuazimana, ambalo kwetu si dogo. Ukiwa na mtu, awe jirani, fundi au abiria mwenzako, na akajua una kisu, atasema, "Kaka, hebu nipe hicho kisu mara moja." Kumnyima ni uchoyo, na kumpa kisu cha dola 400 ni kusimama kando yake ukihesabu pumzi huku akikitumia kung'olea skrubu. Wenye visu vya fahari wana dawa yao: hujibu kwamba hawana. Kisu kinachomfanya mtu mwema amdanganye mzee mwenye furushi la kamba, mimi nakiona kimezidi bei yake.

Wapo wanaonijibu kwamba kununua kimoja kizuri cha kudumu maisha yote ni nafuu kuliko kununua vibovu kila mara. Kwa sufuria nakubali, na kwa panga nakubali. Kisu cha mfukoni hakiishi kwa kuchakaa. Hudondoka kwenye kiti cha basi, husahaulika juu ya ukuta wa kisima, huazimwa kisirudi. Uimara wa miaka hamsini haumsaidii mtu ambaye kisu chake kitapotea kabla ya hapo. Kama ulirithi kisu kutoka kwa baba au babu, hiyo ndiyo sababu nzito zaidi ya kukiweka nyumbani, kikiwa kimepakwa mafuta na kufungwa kitambaa kikavu.

Kwa wanaosafiri, ukaguzi wa uwanja wa ndege haujali bei: kisu kilichosahaulika kwenye mkoba wa mkononi hubaki pale mlangoni. Na kwa ndugu zetu walioko Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea bila maelezo na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama za huko zimeshaamua kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Opinel namba 8 inashindwa kwa vigezo vyote viwili. Huko ningebeba Victorinox, kisu cha kukunja cha Uswisi, ile ndogo isiyo na kufuli, na Opinel ingekaa jikoni ikimenya machungwa.