Ndiyo, mlango wangu ni wa karatasi

Idi iliyopita mjomba alikuja nyumbani kwa mama, Ngamiani hapa Tanga, tukamwamkia, akakaa, akaletewa kahawa na visheti, alafu macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba cha kati. Akauangalia weee. Mwisho akauliza mbele ya wageni wote, "Mwanangu, huu ni mlango au tiara?"

Tiara, kile kishada cha karatasi watoto wanachorusha. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, mjomba ni mjomba na siku ya Idi hubishani na mkubwa, lakini iliniuma na ndo maana nimekaa naandika hapa. Mlango ule tumeutengeneza mimi na fundi kwa wiki tatu, jioni baada ya kazi, kila fito nimeipiga msasa kwa mkono wangu.

Ni shoji, ile milango ya Wajapani ya kusukuma pembeni, fremu ya mbao, fito nyembamba zimepishana ndani yake, na karatasi nyeupe imegandishwa upande mmoja. Sikuifanya kwa kuiga picha nzuri. Nyumba zetu mnazijua, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Ukumbi hauna dirisha hata moja, na mama siku hizi mlango wa mbele hataki ukae wazi. Mpwa wangu wa darasa la nne anafanya kazi zake za shule saa nane mchana taa imewashwa, nje jua la Tanga linachoma mpaka lami inanata! Chumba cha kati kina dirisha zuri tu la uchochoroni, mwanga unaingia mle chumbani unaishia kwenye mlango wa mbao unakaa hapohapo. Nikasema basi huu mlango ndo wa kuutoa.

Na mlango wenyewe niliokuwa nautoa ulishanichosha. Ulinunuliwa dukani hapahapa mjini, unang'aa, wa kisasa, muuzaji akaapa ni mbao ngumu. Masika ya kwanza ukaanza kugusa chini. Masika ya pili ukavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, haufungi wala haufunguki mpaka uupige bega. Nikamwita fundi aupige randa, akapitisha mara mbili akasimama, akanionyesha kiganja, kilichokuwa kinatoka pale ni unga mtupu. Unga wa mbao umeshindiliwa na gundi, juu wamebandika ngozi yenye picha ya mbao. Akaniambia, "Dada, hapa hakuna cha kuranda." Mlango wa miaka miwili, dawa yake jalala. Na mlango huo hakuna mgeni aliyewahi kuucheka, hata mmoja, eti kwa sababu ukiugonga unalia ko ko ko.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi alitaka mninga, kwake yeye heshima ya mlango ni uzito. Nikakataa. Nikatafuta sipresi ya kutoka Lushoto, mbao ambayo watu wanaidharau wanaipeleka kwenye paa, na sababu ni kwamba Wajapani wenyewe shoji wanafanya kwa hinoki au sugi, ambazo ni za ukoo mmoja na sipresi, nyepesi, nyuzi zake zimenyooka, ukizipasua nyembamba hazijikunji ovyo. Fremu sentimita 90 kwa 195, ulimi na tundu kila kona, hakuna msumari. Fito milimita 8 upana, 15 kina.

Penye fito ndo pana utamu. Kila mahali fito mbili zinapokatana unachimba nusu ya kina kwenye hii na nusu kwenye ile, zikikaa zinakuwa sawasawa kama ni mti mmoja uliota hivo. Ukipima moja moja umekwisha, nusu milimita huku nusu milimita kule mwisho wavu mzima unakwenda mshazari. Siri yake unazilaza fito zote pamoja ubavu kwa ubavu, unazibana, unapiga mstari mmoja wa penseli kwa zote, unazikata zote kwa mkupuo. Fundi aliacha msumeno wake wa mbao akachukua msumeno wa chuma kwa sababu meno yake madogo na njia yake nyembamba. Zile fito za kwanza zilipoingiana, tk, tk, tk, bila gundi, bila nyundo, kwa kidole gumba tu, yule baba ambaye wiki nzima alikuwa ananung'unika akazigeuza mara tatu, akaenda kumwita seremala mwenzake wa jirani aje aone.

Njia ya juu, yaani mfereji kwenye mbao ambamo mlango unateleza, ina kina cha milimita 15, ya chini 3 tu. Ndo ujanja wote wa kuuweka na kuutoa, unaunyanyua mlango unazama juu, unauingiza chini, unauachia. Hakuna bawaba wala reli ya chuma ya kushika kutu na hii chumvi ya bahari. Njia ya chini unaisugua mshumaa, mtoto anausukuma kwa kidole. Njia zote mbili tumezirefusha kupita ukutani ili mlango upate pa kwenda.

Karatasi ndo ilinitesa. Nilijaribu ile ya kuchorea ramani kutoka steshenari, ikashika maji ikajikunja ikapasuka. Nikafikiria kitambaa cha bafta, nyeupe, nyepesi, bei rahisi, mama akaniangalia tu akasema, "Utatutundikia sanda mlangoni?" Yakaishia hapo, na alikuwa na haki. Mwisho rafiki yangu anayesoma Japani akanibebea roli moja ya washi. Jamani. Ile karatasi ukiishika ndo unaelewa kwamba sisi neno karatasi tunalitumia vibaya. Inatengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la kozo, jamaa wa mforosadi, na mwaka 2014 UNESCO waliuingiza ufundi wa kuitengeneza kwa mkono kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Ukiinyanyua juani unaziona nyuzi zimelala zimekumbatiana.

Na hapa naomba niseme neno kuhusu mji wetu. Tanga hii imejengwa na nyuzi ndefu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kule Kikogwe, Pangani, na mpaka leo ukitoka hapa kwenda Muheza unaupita mashamba na mashamba. Nyuzi za mkonge zinatengeneza karatasi, tena karatasi imara. Sisi tunauza singa. Na mimi nasubiri roli itoke Japani kwenye sanduku la mwanafunzi. Linaniuma hili kuliko maneno ya mjomba.

Gundi ni uji wa ngano, basi. Unaupika mwembamba, unauchuja, mimi nilitia matone mawili ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya ukungu na mende. Unapaka kwenye fito kwa brashi, unaanza kubandika chini unapanda juu, ili kipande cha juu kilale juu ya cha chini kama makuti, vumbi lisipate pa kukaa. Nilipomaliza karatasi ilikuwa imelegea, ina mikunjo kama shuka la mtu aliyeamka, nikataka kulia. Nikapuliza maji juu yake, ukungu tu wa maji, nikaenda kulala. Alfajiri nikaigonga kwa ukucha. Ngoma! Imewambika mlango mzima, hakuna kunyanzi hata moja.

Sasa narudi kwa mjomba na wote waliocheka, maana hoja yao naijua. Karatasi inachanika. Ndiyo inachanika. Siku ya nne tu mpwa wangu alitia kidole, nadhani watoto wote duniani wakiuona ule mlango kidole kinawasha. Nikampiga? Nilimwita, tukakata kipande cha karatasi kilichobaki, akakichonga mwenyewe mfano wa ngalawa, tukachukua kijiko cha uji, tukabandika. Dakika tano. Wajapani nao matundu kama hayo wanayaziba kwa karatasi waliyoikata mfano wa ua. Na desturi yao mwisho wa mwaka wanailowesha karatasi yote kwa maji, uji unaachia, wanaibandua, wanafuta fito, wanawamba mpya. Ndo maana ya kutumia uji badala ya gundi kali. Aliyeubuni mlango ule alijua tangu mwanzo kwamba utachanika, akauacha wazi kwa mkono wa mwenye nyumba, kwamba wewe mama, wewe mtoto, huhitaji kumwita mtu.

Na hili sisi watu wa pwani tulipaswa kulielewa kabla ya mtu yeyote. Paa la makuti linavuja, unapanda unachomeka kuti jipya, nani aliwahi kusema makuti ni ujinga kwa sababu yanabadilishwa? Jahazi linakaa baharini miaka na miaka kwa sababu linapandishwa pwani, linatiwa kalafati upya, linapakwa, linarudi majini, na nahodha anayeona aibu kulipandisha atazama nalo. Jamvi likikatika ukingo bibi alikuwa analisuka palepale huku anaongea. Hivi vyote tulikuwa tunaviita vitu imara! Sasa tumefika mahali kitu kikihitaji mkono wako tunakiita dhaifu, na kitu ambacho kikiharibika huwezi hata kukigusa, unakitupa kizima unakwenda dukani tena, hicho ndo tunakiita cha maana. Mimi nimeulipia ule mlango wa unga wa mbao hela ambayo ingewasomesha watoto wawili muhula mzima vifaa vyao vyote. Nataka mtu mmoja aniambie kati ya milango hii miwili upi ni wa karatasi.

Nakubali mambo mawili matatu, kwa shingo upande. Sauti inapita, ukiwa na maneno ya siri nenda uani. Kwa mlango wa nje usifikirie kabisa. Siku za mvua karatasi inalegea kidogo, jua likitoka inajikaza. Na usiku, hili sikulijua mpaka tumelala nalo, taa ikiwaka ndani kivuli chako kinaonekana chote ukumbini, mama akavaa mtandio amekaa kitandani anavuta uradi, mimi niko nje naiona mpaka tasbihi inavyoshuka punje moja moja. Akasema hapana, akatundika kanga kwa ndani, usiku anaishusha asubuhi anaifunga kando. Sawa, tumekubaliana.

Lakini mchana njooni muone. Kuanzia saa tatu ukumbi una mwanga mweupe uliotulia, hauchomi, hauna kona kali, unaisoma sura ya mtu vizuri. Mpwa wangu kahamisha mkeka wake, kakaa chini ya ule mlango na daftari zake, luku sasa inakwenda siku nne zaidi, mama ndo anayehesabu sio mimi. Jirani wa nyumba ya pili keshaniuliza bei, nikamwambia bei sina, njoo na mbao zako Jumamosi nikuonyeshe.

Mama kasema Ramadhani ikikaribia, siku tunayopaka chokaa, na karatasi tuibandue tuwambe mpya. Kipande cha roli kilichobaki nimekifunga kwenye kanga kuukuu, kiko juu ya kabati. Jana nimempigia mjomba. Nimemwambia nakuomba siku hiyo uje asubuhi, uje na brashi yako. Maana tiara zangu zote za utotoni alizitengeneza yeye, chelewa, gazeti na uji, pale kibarazani, na hakuna hata moja iliyowahi kubanduka angani. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Alafu akauliza huo uji nauchemsha muda gani, maana mimi siku zote naupika mzito.