Miaka Arobaini Ndani ya Sentensi Moja

"Mwaka 1983 marehemu alistaafu kwa heshima na kurejea nyumbani, ambako aliendelea na shughuli za kilimo hadi mauti yalipomfika." Sentensi hiyo ilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya jeneza la babu yetu, pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, Kilimanjaro. Kabla yake zilitangulia aya ndefu: kuzaliwa 1928, ubatizo, kipaimara, ndoa, kuajiriwa reli 1949, kisha uhamisho mmoja baada ya mwingine. Tumemzika 2024. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi imefungiwa ndani ya hizo "shughuli za kilimo".

Wasifu tunaosoma misibani siku hizi umekuwa kama barua ya maombi ya kazi. Mtu akishatoka kwenye ajira, mwandishi hana tena la kuandika, anarukia orodha ya watoto, wajukuu na vitukuu. Kwa mzee aliyeishi miaka 96, mimi naona huko ni kumpunja.

Reli siidharau. Ndiyo iliyomsomesha baba yangu na wenzake. Babu aliingia wakati ni East African Railways and Harbours, akaiona njia ya Tanga ikiunganishwa na Reli ya Kati kupitia Ruvu mwaka 1963, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akajikuta mtumishi wa Shirika la Reli Tanzania bila kuhama meza. Alimaliza akiwa stesheni masta. Lakini watu waliojaa msibani, wakasimama hadi kwenye migomba ya jirani, wengi wao hawakumjua kwa reli. Walimjua kwa maji.

Asiyetoka kwetu pengine hajui mfongo. Ni mfereji unaochepusha maji ya mto huko juu mlimani na kuyashusha vihambani. Wazee waliichimba mingi tangu kabla ya Wajerumani, na haina mwenyewe mmoja: kila kaya ina zamu yake ya kufungulia, na siku ya kuzibua matope kila kaya hutoa mtu, asiyetokea hutozwa faini. Wakati wa kiangazi watu hutoana ngeu kwa ajili ya mfongo.

Babu aliporudi, wakampa kazi ya kusimamia zamu. Akaiendesha kireli. Kwenye njia ya treni moja, stesheni huiruhusu treni kuondoka pale tu stesheni ya mbele inapothibitisha kuwa njia ni nyeupe. Yeye akaamua hakuna kufungulia maji kabla mwenye zamu iliyotangulia hajafunga na kutuma mtoto kusema amefunga. Muda ukaandikwa daftarini, kwa saa yake ya mkononi, kwa mwandiko ule wa kikarani. Vijana walimcheka. Ugomvi ukapungua, wakaacha kucheka.

Kahawa ilipoporomoka bei, baada ya mgawo wa kimataifa wa mauzo kusimamishwa mwaka 1989, majirani kadhaa waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye hakung'oa hata mmoja. Sina hakika kama ilikuwa busara au ubishi tu, maana ubishi alikuwa nao. Kuna jirani aliyepanda mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, karibu na mfongo, na Babu alikaa miaka bila kumpa mkono, hata kanisani. Jambo hilo nalo halikusomwa, na nadhani mwenyewe jirani, aliyekuwepo, alilitegemea.

Ila kubwa kuliko yote, kwangu, ni la shangazi. Kwa mila zetu kihamba ni cha wana wa kiume, na kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi. Shangazi alirudi kutoka kwenye ndoa akiwa na watoto wadogo na sanduku moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini sheria na kikao cha ukoo ni vitu viwili. Babu aliwaita wanawe wote, akawaita na wazee wa ukoo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, kisha akawatembeza hadi upande wa chini na kuwaonyesha mimea ya masale aliyokwisha kuipanda asubuhi ile. Kwetu sale ndilo mpaka, na kung'oa sale la mzee ni jambo zito. Baba mkubwa alinuna hadi Krismasi iliyofuata. Hakung'oa.

Hilo lingesomwa, pengine mabinti kadhaa waliokuwa pale chini ya turubai wangeenda kuwauliza baba zao swali.

Shangazi yuko pale mpaka leo, na nyumba yake ameipaua upya. Kikao cha kugawa majukumu baada ya matanga kilifanyika kwake, na daftari la maji amekabidhiwa yeye. Baba mkubwa ndiye aliyependekeza.