Eti chakula hakikuwekewa vikwazo

Juzi redioni kuna bwana mmoja, sauti laini kama ya mpatanishi wa ndoa, akatuambia vikwazo dhidi ya Urusi havikugusa chakula wala mbolea. Nikazima.

Bwana yule hajawahi kulala akiwaza kontena. Rafiki yangu hapa Mombasa anauza chai nje. Machi 2022 mzigo wake wa St Petersburg ulikuwa tayari, lakiri imetiwa. Vita vya Ukraine vikachacha, kampuni kubwa za meli zikaacha kupokea mizigo ya Urusi, isipokuwa chakula, dawa na misaada. Chai ni chakula ama si chakula? Kila aliyeulizwa alimsukumia mwenzake. Na hata ingefika, malipo yangepitia wapi, baadhi ya benki za huko zinatolewa SWIFT, ule mtandao wa mabenki wa kutumiana taarifa za malipo? Kontena likarudi ghalani, bili ya storeji ikamfuata hadi nyumbani.

Lakini kinachoniwasha hasa ni mbolea. Kweli, haikuwekewa vikwazo. Aliyewekewa na Umoja wa Ulaya ni Dmitry Mazepin, tajiri wa Uralchem, kampuni ya mbolea ya Urusi. Basi mbolea ya kampuni hiyo ikakwama bandarini Latvia, Estonia, Ubelgiji, Uholanzi: haijakatazwa, haiendi. Nani angeigusa? Karani wa benki au bima akikataa, hakuna atakayemfuta kazi. Akikubali, kesho aitwe na wanasheria. Msamaha wa kwenye karatasi hausukumi meli hata hatua moja.

Huku kwetu mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500, mjomba wangu Kitale akapanda nusu ya shamba. Tani 34,000 za mbolea hiyo iliyokwama, kutoka Latvia, zilifika Mombasa mwishoni mwa Mei 2023, tena baada ya Umoja wa Mataifa kuingilia. Piga hesabu, hiyo ni mifuko 680,000. Mwisho wa Mei, jamani! Mahindi ya mjomba yalikuwa yameshamfika magotini.

Haya, najua aliyevamia ni nani. Makontena yaliyonaswa Odesa, bandari ya Ukraine, yalinaswa na vita, si vikwazo. Na Warusi walipoiita mbolea ile zawadi, walijua vizuri kamera ziko upande gani.

Rafiki yangu aliiuza chai ile kwa bei ya kutupa. Bili ya storeji bado anayo. Bwana wa redio akiitaka, nitampelekea mwenyewe.