Sasisho Likigoma, Soma Logi Kwanza

Wiki hii nimekuta karatasi imebandikwa kwa selotepu juu ya seva ya ofisi moja hapa Kigoma Mjini. Imeandikwa kwa maka nyekundu: MARUFUKU KUAPDETI. Nikauliza kulikoni. Wakaniambia siku moja seva ilijisasisha ikashindwa, ikawa inawaka na kurudi nyuma, watu wakakaa bila mfumo mpaka mchana. Fundi akaitwa, akaizima kabisa huduma ya masasisho, akabandika karatasi, akalipwa, akaenda zake. Nikafungua historia: sasisho la mwisho kuingia ni la mwaka jana. Hiyo ndiyo seva inayotunza mishahara ya watu, na iko kwenye intaneti usiku na mchana.

Nimeondoka pale na hasira, na simlaumu fundi yule peke yake. Seva za namna ile zimejaa mji huu, hata zisizo na karatasi juu. Imekuwa desturi yetu: sasisho likigoma, ama unapiga Windows upya na kupoteza siku nzima, ama unayazima masasisho na kuhesabu kazi imekwisha. Kukaa chini, kufungua logi, yaani faili ambamo mashine huandika kila inachofanya, na kujua limegoma kwa nini, hakuna anayekutaja.

Msimamo wangu ni huu. Sasisho lililogoma, mara nyingi limeikuta seva tayari inaumwa, likawa la kwanza kusema. Seva hiyo ya karatasi ni ushahidi tosha. Historia yake bado ilikuwa na kodi ya siku ile, yaani namba ya kosa, 0x80070070, na maana yake ni kwamba diski imejaa. Nikaitazama diski ya C: nafasi iliyobaki haifiki giga mbili. Kilichoijaza ni bekapu za mfumo wa mishahara, zinajiandika kila usiku kwenye C hiyo hiyo, na hakuna aliyepanga za zamani zihamishwe. Kila moja ni ndogo, lakini zinaongezeka kila siku. Ingeendelea hivyo, hifadhidata yenyewe ingekosa pa kuandika, na mwisho wa mwezi watumishi wangeambiwa mfumo umekufa. Sasisho lilitoa taarifa mapema kabisa, na aliyeitwa kusikiliza akalifunga mdomo.

Sasa, kodi peke yake haitoshi. Ninaona mafundi wanaipiga picha ile namba ya 0x, wanaituma WhatsApp, anatokea mtu anajibu "hiyo ni virusi", na kazi inaanza kutokea hapo. Kwenye Windows Server logi lenyewe liko C:\Windows\Logs\CBS, linaitwa CBS.log. Ni refu, linatisha, na wengi wakilifungua mara moja hawarudi tena. Usilisome kuanzia juu. Tafuta saa ambayo sasisho lilishindwa, tafuta neno Error karibu na saa hiyo, kisha panda mistari kadhaa kwenda juu, maana mstari wa mwisho hutaja matokeo tu na chanzo hukaa kabla yake. Ukishazoea, ni kazi ya muda mfupi kuliko kusubiri Windows mpya ijipakie.

Mei 2024 ilinionyesha thamani ya jambo hili. Tarehe 12 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Tarehe 14, Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft wakatoa masasisho yao kama kawaida. Mama mmoja mfanyabiashara wa jumla pale Mwanga ana seva ya Windows Server 2019 aliyoinunua Bujumbura, na Windows yake ni ya Kifaransa. Sisi tunaopakana na Burundi na Kongo tunazijua mashine hizi. Sasisho la mwezi ule, KB5037765, likagoma. Kila aliyeulizwa akasema ni kebo, tungoje meli iunganishe.

Lakini matatizo ya mtandao yana kodi zake, na hii ilikuwa 0x800f0982. Ndani ya logi kulikuwa na maneno PSFX_E_MATCHING_COMPONENT_NOT_FOUND. Kwa maneno mengine, faili lilikuwa limeshashuka, na kilichokosekana ni kipande ndani ya Windows yenyewe. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona wenzako wanasema tuifute yote?" Nikamwambia, "Mama, tuiache ilivyo kwanza. Mashine yako haina kosa." Baadaye Microsoft wenyewe walieleza kwamba sasisho lile lilikuwa linashindwa kwenye seva zisizo na kifurushi cha lugha ya Kiingereza cha Marekani. Tarehe 23 Mei wakatoa jingine la kurekebisha, KB5039705, nalo likaingia bila shida. Tungeiamini habari ya kebo, tungenunua bando juu ya bando kushusha kitu ambacho tayari tulikuwa nacho, na mwisho tungefuta seva nzima ya yule mama, na madeni yote ya wateja wake yakiwa humo, kwa tatizo lililozaliwa Redmond, makao makuu ya Microsoft.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kusoma logi ni mambo ya wataalamu wa Dar. Huku ndiko kunakohitaji zaidi. Kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mtu wa kuja kukuokoa anatakiwa alipiwe nauli, chumba na chakula. Fundi wa Kigoma anayejua kusoma logi anamwokolea mteja fedha halisi.

Tena kuna sababu mbili ambazo huku kwetu zinatusumbua kuliko wenzetu wa vyumba vya seva vyenye viyoyozi. Ya kwanza ni umeme. Sasisho liko katikati, umeme unakatika, na UPS betri yake ilishakufa, imebaki kupiga mlio. Ukirudi, seva inaanza kurudisha mabadiliko nyuma. Hapo inaweza kukaa saa nzima, hata zaidi, na skrini inaonekana imeganda. Bosi anakuja, anasimama nyuma yako, anauliza itapona lini, na wewe unabonyeza swichi. Hapo ndipo inapovunjika kweli. Iache. Taa ya diski ikiendelea kumetameta, kazi inaendelea. Ikikwama kabisa, ingia kwenye mazingira ya uokoaji uandike dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions, ila kwanza hakikisha herufi ya diski, kwa sababu kule ndani C yako inaweza kuitwa D. Nimeona seva nyingi zikiamka kwa amri hiyo baada ya kutangazwa zimekufa.

Ya pili ni ile betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi, inayotunza saa ya mashine. Ikiisha, kila umeme ukikatika seva inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vinakataliwa, Windows inatoa 0x80072f8f, na apt, chombo cha masasisho cha Ubuntu (aina ya Linux), inalalamika kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika. Watu wanabadilisha ruta, wanabadilisha laini ya simu, wanagombana na mtoa huduma wa intaneti, na tarehe iko pale pembeni ya skrini inasema uongo mbele ya macho yao.

Na kama mafaili ya Windows yameharibika kweli, usikimbilie bando. DISM, chombo cha Windows cha kujitengeneza, na /restorehealth yake kwa kawaida hushusha mafaili mazima kutoka Windows Update, lakini unaweza kuielekeza kwenye flashi yenye install.wim (faili la kusakinishia Windows) ya toleo lile lile, kwa /source na /limitaccess. Kila fundi wa mkoa huu anapaswa kuwa na flashi hiyo kwenye begi.

Wenye Linux nao wasijione wamesalimika. Ubuntu inagoma hivi: dpkg, programu inayoweka vifurushi, inalalamikia kifurushi cha kerneli, yaani kiini cha mfumo, mtu anakifuta anakiweka tena, haikubali. Panda mistari michache juu uone "No space left on device". Mtu anajibu, "Lakini nina giga mia mbili!" Ndiyo, ila /boot, inayotunza kerneli za kuwashia mashine, ni sehemu yake peke yake, ndogo, na imejaa kerneli za zamani. Tazama df -h, tazama uname -r ili usije ukaondoa kerneli inayotumika, kisha apt autoremove, na dpkg --configure -a imalizie kilichokatika. Df -h ikionyesha nafasi ipo, jaribu df -i, maana hata inodi, nafasi za kuorodhesha mafaili, huisha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaoogopa masasisho hawajaota. Masasisho ya Januari 2022 yalizifanya seva za domeni, zinazosimamia akaunti za ofisi nzima, zijiwashe na kujizima zenyewe. Ya Machi 2024 yaliifanya LSASS, programu ya Windows inayohakiki wanaoingia, ile kumbukumbu (RAM) bila kuirudisha mpaka seva zikaanguka. Microsoft walirekebisha yote mawili kwa masasisho ya dharura, lakini aliyekosa usingizi usiku ule simlaumu kwa woga wake. Kwa hiyo subiri siku kadhaa, sikiliza wengine wamepata nini, jaribu kwanza kwenye mashine isiyo na kazi kubwa. Huko ni kuahirisha, na kuahirisha nakuheshimu. Kuzima moja kwa moja sikuheshimu hata kidogo. Kirekebisho cha tundu lililotumiwa na WannaCry, virusi vilivyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilitoka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likafika takriban nchi 150, na hospitali za Uingereza zikawa zinawarudisha wagonjwa. Muda ulikuwepo wa kutosha. Na hao walikuwa na idara nzima za teknolojia.

Bekapu ikae nje ya seva, na uijaribu kuirudisha kabla hujagusa kitu. Windows za kukraki sina la kusema, nunueni leseni au hamieni Linux.

Kwa mabosi nina ombi moja. Kabla hamjamlipa fundi, mwambieni aandike mambo matatu kwenye daftari linalokaa chumba cha seva: kodi ya kosa, mstari wa logi alioutegemea, na alichobadilisha. Akisema amezima huduma fulani, aandike itawashwa lini na nani. Fundi mwingine akija mwakani, au yeye mwenyewe akirudi, ataanzia hapo. Leo kila anayeitwa anaanza upya, na mteja analipia ujinga ule ule mara ya pili.

Masasisho ya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni usiku. Kwa wateja wangu huwa ninayaingiza Jumamosi ya wiki inayofuata, jioni, maduka yakishafungwa na jenereta likiwa na mafuta. Mdogo wangu uliyeanza ufundi juzi, uwe wa Gungu, Ujiji au Kasulu, njoo na daftari ukae pembeni. Likiingia vizuri utaona linavyoingia. Likigoma, tutafungua logi pamoja na wewe ndiye utakayetafuta mstari.